Mashuka ya Pinki

4 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila ndiyo nimetoka vitani. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka thelathini meupe yalitoka mashineni yakiwa pinki! Aliyeijaza mashine ni mwenzangu wa zamu, Mama Pacha, nikamwambia mbele ya watu kwamba hana macho. Tukanuniana wiki mbili. Shuka linataka watu wawili kulikunja, lakini sisi kila mtu alikunja lake, kalibana kwa kidevu.

Msimamizi akatuletea msuluhishi, mama mmoja mpole wa ofisini. Kila mmoja alieleza yake, mwenzake akisikiliza. Mimi nikalia kabisa. Mama Pacha akanitazama weee, kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu. Kosa langu." Tukatia saini karatasi ya suluhu. Nimeshinda, mama!

Kile kitambaa chekundu cha kichwa ulichonipa sikioni tena. Nitafutie kingine.

Mwanao, kitinda mimba

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananiuma, na ukiyauliza ndiyo yanazidi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kitambaa kile nilikuambia kinachuja rangi, ukifue peke yake. Kilipotea lini, kabla ya mashuka au baada?

Usinijibu haraka.

Mama yako

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Barua yako niliificha chini ya godoro. Siku ile kulikuwa na joto, nikakivua kitambaa, nikakiweka juu ya toroli la mashuka. Nilikumbuka pale pale nilipoisoma barua yako. Tangu hapo kila asubuhi namwamkia Mama Pacha, ananiitikia vizuri tu, na mimi natamani ardhi inimeze.

Jana nilimwomba msuluhishi atukalishe tena. Nikasema yote. Mama Pacha akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa changu, kimefuliwa na kupigwa pasi. Alikitoa mashineni siku ile ile.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unalia. Nikasema moyoni, atasema mwenyewe. Miezi mitatu nakibeba."

Msuluhishi akamuuliza kama amenisamehe.

"Bado," akasema, akainuka. "Twende, mashuka yanatungoja."

Tukakunja hadi jioni, yeye ncha ile, mimi hii. Kila shuka likikunjwa tunakutana katikati, uso kwa uso, na mimi sina pa kuuficha wangu.

Kitambaa sijakivaa. Usinitafutie kingine, mama.

Mwanao