Mwanga wa Stoo ya Mbegu

Alhamisi. Baridi ya Kibirichia imenishika masikio, lakini jua limetoka.

Leo nimetoroka kitandani. Mzee mzima, natoroka kama kijana anayeenda disko.

Tangu daktari wa Embu aseme hii kansa ya koo imeshinda dawa, mke wangu Mama Mwenda hufunga pazia kutwa. Ati mgonjwa apumzike gizani. Nikamwambia viazi vya kula ndivyo hufungiwa gizani visigeuke kijani, na mimi nani atanila? Nimebaki mifupa.

Hakucheka.

Basi alipoenda kukama nikajikokota hadi stoo ya mbegu. Niliijenga mwenyewe, mbao zimeachana vidole viwili, kwa sababu kiazi cha mbegu kinataka mwanga kidogo ndio kichipue kifupi na kigumu. Miaka yote naingia hapo kutafuta kilichooza. Mwanga wenyewe sijawahi kuuangalia.

Leo nimeuangalia. Unaingia kwa mistari, unalala juu ya viazi, na machipukizi yote yanawaka zambarau. Vumbi linacheza polepole. Niliweka mkono wangu hapo, huu mkono umekauka kama kuni, na ukapendeza. Hata kucha.

Nililia. Msiwaambie watu wa kanisa, watakuja kuniombea na chai waninywee.

Mama Mwenda akanipata hapo.

"Baba Mwenda! Unataka kufia kwa viazi watu wanicheke?"

"Keti kwanza, mama. Kelele baadaye."

Akageuza kreti, akaketi. Tukaangalia huo mwanga, sisi wawili, kama watu wanaotazama televisheni. Halafu akauliza, sauti chini: "Mvua ikija, si tutapanda hizi mbegu pamoja?"

Mimi nina majibu ya kila mtu, hata padri ananiogopa. Kwa hilo niliokota tu kiazi kimoja, nikakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Utapanda na Mwenda," nikasema mwishowe. "Na chipukizi liangalie juu, usisahau."

Huyu mama amepanda viazi tangu kabla sijaota ndevu. Siku nyingine angenirushia kimoja kichwani. Leo aliitikia tu kwa kichwa, kama mtu anayefundishwa mara ya kwanza.

Maisha yetu yote nimelalamika kwamba nilioa mbishi. Sasa amenikubalia. Mbona natamani angebisha?