Kaburi la Lynn na Geti la Guka

Jumamosi, 9 Agosti

Sijaambia mtu, na sidhani nitaambia. Mimi ndiye nilimruhusu Truphosa kuingia.

Saa nne asubuhi nilikuwa getini nikingoja mtu wa boda alete unga. Muiruri, soja wetu wa kulinda geti, alikuwa ameenda jikoni kunywa chai. Truphosa akaja na panga na kopo la rangi nyeupe. Zamani alikuwa akivuna michiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza nje, hapa kwetu, kabla Guka, babu yangu, abomoe nyumba za wafanyakazi. Siku hizi anaishi Karagita, anakata maua kwenye shamba la kampuni.

"Mami, umekuwa mrefu hivi? Wacha niingie nipalilie Lynn. Sikawii."

Lynn ni mtoto wake. Amezikwa kule mwisho wa shamba, karibu na vichaka vya leleshwa.

Mimi huwa sisemi. Niliitikia tu kwa kichwa, akapita.

Muiruri akamkuta huko. Akapigia Guka simu, Guka akapigia polisi. Walipomleta uani, Truphosa akasema, "Mzee, si msichana wako alinikubalia? Muulize."

Guka akanigeukia. "Wawira. Ulimwambia aingie?"

Macho yote kwangu. Nikatingisha kichwa. Hapana. Guka haoni vizuri, Muiruri akamwambia, "Anasema hapana."

Truphosa aliniangalia kidogo tu. Hakubishana. Akapanda gari la polisi.

Jumapili, 10 Agosti

Yuko seli. Sikula. Guka anasema ni hii baridi. Mama akapiga simu kutoka Nakuru, nikamwambia maneno mawili tu, niko poa.

Jumatatu, 11 Agosti

Amefikishwa kortini Naivasha. Amekana. Mtu wa kanisa lake amemdhamini, ametoka. Kesi itasikizwa tarehe ishirini. Ile panga imebaki kwa polisi, ati aliingia akiwa na silaha. Panga ya kukata nyasi!

Nimesoma hiyo sheria kwa simu, mara tatu, Kiingereza chake kigumu. Kuingia shamba la mtu bila sababu nzuri na bila ruhusa ya mwenyeji ni kosa. Sawa. Lakini halafu inasema ni kazi ya mshtakiwa kuonyesha kwamba aliruhusiwa. Ni kazi yake, si ya Guka.

Ataonyesha nini? Shahidi wake ni kichwa changu.

Alhamisi, 14 Agosti

Baraza ya chifu, pale Longonot. Nilienda kumshika Guka mkono kwa sababu macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, haoni hata ngazi. Ajenda ilikuwa watu kupita kwa mashamba ya wenyewe. Kila mtu alijua ni habari ya nani.

Kipngetich, jirani yetu, alianza. Akasema shamba lake ni kama sebule yake, ukiingia bila hodi wewe ni mwizi, hata kama hujabeba kitu.

Eucabeth wa hoteli ya chai akainuka na aproni yake. "Sasa boss, na huyo mtoto aliye chini? Yeye pia ana-trespass? Si mumshtaki."

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikaisha vibaya, kila mtu akaangalia viatu.

Guka akasimama. Hakupaza sauti. Alisema jeneza la huyo mtoto alilitengeneza yeye mwenyewe, kwa mbao zake, kwa sababu kwao Bungoma kulikuwa mbali na mama yake hakuwa na mtu. "Nilimpa mahali pa kuzika. Sikumpa shamba." Halafu akauliza kama wamesahau Mwaura. Kwa shamba lake watu wengine waliachiwa makaburi mawili, wakawa wanayapalilia, wakapanda maua, mwishowe wakaenda kwa wakili wakasema hapa ni kwa babu yetu. Mwaura alipoteza ekari nne. "Angeniomba," Guka akasema. "Hakuna mtu aliombwa."

Nilikuwa nimemshika mkono.

Kile kinanimaliza ni kwamba hasemi uongo. Anasema kile nilimwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeenda huko peke yangu. Nyasi zimekatwa upande mmoja, kama kichwa cha mtu aliyeacha kinyozi katikati. Msalaba umepakwa rangi mkono mmoja. Brashi bado iko hapo, imekauka na mchanga.

Tulikuwa na miaka sita, mimi na Lynn, alipokufa. Yeye ndiye alikuwa akinisemea. Nikitaka maji, yeye ndiye aliomba. Cucu, nyanya yangu, akiniuliza kitu, Lynn anajibu, "Wawira anasema hataki." Nilipomaliza kulia wakati ule sikuanza kujisemea. Nilinyamaza tu, watu wakazoea.

Sikumalizia rangi. Niliogopa Muiruri ataona.

Jumanne, 19 Agosti

Wakili wa Guka alipiga simu asubuhi. Guka huweka spika. Wakili akasema kitu kimoja tu kinaweza kuua hii kesi: mtu wa nyumbani akisema alimruhusu. "Mzee, una uhakika hayuko?" Guka akasema nyumbani ni yeye na mjukuu, na mjukuu ameshaulizwa mbele ya polisi.

Wakili akataka maelezo yaandikwe, Kiingereza, asome kabla ya korti. Guka akaniita. "Keti hapa. Wewe ndiye umesoma."

Yeye anasema kwa Kiswahili chake, mimi ninageuza. *Neither I nor any member of my household gave her permission.* Kwamba si yeye wala mtu yeyote wa nyumba yake aliyempa ruhusa. Niliandika vizuri. Hata nilirudia mstari kwa sababu herufi moja ilikuwa imepinda.

Akanipapasa bega. Akasema anakumbuka mwandiko wangu, ni kama wa karani wa zamani.



Jumatano, 20 Agosti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari la Kipngetich linakuja saa moja kutupeleka Naivasha. Guka amevaa koti lake la mazishi. Namsikia sebuleni akitafuta fimbo.

Truphosa saa hii ametoka Karagita, labda kwa miguu. Hana mtu wa kumsemea.

Nimeandika tena kwa karatasi nyingine. Mistari minne, ukweli wenyewe: Niliitikia kwa kichwa. Nimeikunja mara mbili, nimeikunjua, nimeikunja. Ile ya jana iko kando yake, haijatiwa kidole cha Guka. Zote mwandiko wangu, zote wino wa buluu.

Fimbo. Anakuja huku. Kila siku nikisikia viatu vya mtu naingiza hili daftari ndani ya foronya, na leo mkono hauendi. Kwanza ya nini, yeye hata haoni.

Amesimama mlangoni. Anauliza kama ile karatasi iko tayari.

Anasema, nisomee kwanza.