Kwa Akinyi, Uliyezikwa Nje ya Ua

Sindo, Jumapili jioni

Dada Akinyi,

Leo ukurasa wa shajara ni wako. Nitaeleza kwa utaratibu, hata kama ulizoea kunicheka: "Ochieng, wewe hata ukipiga chafya unaandika tarehe."

Mwalimu wako wa urubani alikuja, bado anatembelea magongo. Aliwaeleza Baba na Mama kwamba mlikuwa mazoezini, mnatua Migori, na wewe ndiye uliyeshika usukani. Ulishusha ndege vizuri. Gurudumu la mbele likavunjika lilipogusa ardhi. Chuma chake kilikuwa na ufa ambao hakuna aliyeuona. Ndege ikabinuka. "Hakukosea kitu," alirudia. Mama alimshika mkono, akamwambia ale samaki kabla hajapoa.

Mama bado anasimulia ile siku mliyopita juu ya kisiwa cha Takawiri, ukayumbisha mabawa, naye akapunga leso mpaka majirani wakamwuliza anamfukuza nani.

Kuna jambo hukuliona. Ulizikwa nje ya ua. Baba Mdogo Owino alisimamia mila: msichana ambaye hajaolewa hana kaburi ndani ya boma la babake. Baba hakumpinga. Mimi pia… Tulikuteremsha kule upande wa ziwa, ua wa minyaa ukiwa kati yako na sisi.

Tangu hapo Mama akawa anabeba kiti kila jioni, anatoka langoni, anakaa kando yako. Chakula tulimpelekea hukohuko, na mara nyingi kilirudi kama kilivyokwenda. Shangazi alipomsihi, alijibu, "Mtoto wangu si mgeni wa kuachwa nje." Mvua ilimnyeshea pale. Akaanza kukohoa. Niliogopa kwamba naye atatutoka.

Jana nilifika kutoka kazini Awendo nikamkuta Baba ana panga, mikono imejaa utomvu mweupe. Alikuwa anakata minyaa. Nikamwuliza kuna nini.

"Boma ni langu. Nalipanua."

Basi. Nikavua shati. Tuling'oa ua wa upande ule, tukachomeka vipande vipya kule chini, ng'ambo ya kaburi lako. Baba Mdogo alipita, akasimama akiutazama ua mpya. Nilidhani kutakuwa na vita. Akasema tu, "Mstari wenu umepinda," akachukua kamba, akaanza kuunyoosha.

Jioni Mama alitoka na kiti chake, akatembea mpaka kwako bila kupita langoni. Alikaa kidogo. Kisha akarudi, akanawa mikono, akala nasi ugali. Aliomba mboga mara ya pili.

Vipande bado havina mizizi, na kiangazi kinakaribia. Nitakuwa nakuja kila mwisho wa juma kuviangalia, na kitakachokauka nitapanda kingine mahali pake. Hilo nakuahidi.

Lala salama, dada. Uko nyumbani.

Ochieng