Unga wa Mwarobaini Kwenye Ghala la Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa sababu nimefika mwisho. Naitwa Caren, nimeolewa karibu na Awendo. Msimu huu tulivuna mahindi kidogo na dumuzi wakaanza kuyatoboa, mimi yangu nikayachanganya na unga wa majani ya mwarobaini niliyoyakausha kivulini nikatwanga, yakapona, lakini ya mama mkwe yalikuwa yanageuka vumbi na kila nikimwambia ananijibu nisimfundishe kuweka chakula, basi alipoenda matanga Homa Bay nikafungua dero lake, lile ghala ambalo kwetu mwanamke hatii mkono kwa la mwenzake, nikanyunyiza ule unga nikafunga, nikidhani akirudi atafurahi. Aliona vumbi la kijani, akaita boma lote akasema, akinitaja kwa kwetu nilikozaliwa, "Nyar Karungu, hii ni bilo, dawa ya kuroga. Ulitaka kunimaliza." Nimelia, nimeapa kwa Mungu, wapi. Yale mahindi hayagusi wala hataki yatolewe, watoto wangu wamekatazwa kula kwangu na kwake hakuna kinachopikwa, wanashinda kwa majirani, na Ken, mume wangu, akitoka kukata miwa anapita mlango wangu akanunue mandazi dukani. Mshauri, mume wangu ananiogopa. Natamani kurudi kwetu, lakini watoto nitamwachia nani?

Caren, pole sana. Kuogopwa na mtu unayelala naye ni uchungu, na sitakudanganya kwamba utaisha kesho. Lakini nawe ulifikiria nini? Mtu amekukatalia, ukangoja atoke ndio umfungulie dero? Ungemkuta yeye kwenye lako ungenyamaza?

Acha kuapa, watu wamechoka kusikia. Tafuta mama wa rika la mama mkwe wako akupeleke kwake, umwombe msamaha kwa kufungua ghala. Uchawi usiukubali, kwa sababu hukuroga. Kisha mchana, watu wakiona, chuma mwarobaini, anika, na ukikauka utwange hapo hapo uani. Chukua mahindi yako uliyohifadhi nao, pepeta, osha, kausha, peleka kwa mashine, songa ugali, ule wewe kwanza. Dero la mama usiliguse tena, hata wadudu wakimaliza yote.

Huenda asiamini. Huenda yale mahindi yakaishia humo humo. Na Ken akipita mlango siku hiyo, usimkimbilie. Wapakulie watoto, wana njaa.