Nilimfundisha Mtoto Kuhesabu, Sasa Hataki Kuhesabu

Mpendwa Mama Lornah, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana mimi ni mtu ambaye hajawahi kuomba msaada hata siku ile viboko saba walipoizunguka mashua yangu kule Usenge nikawafukuza wote kwa kasia moja, lakini hili la mtoto wa miaka mitano limenishinda.

Mtoto ni Amolo, binti wa dada yangu Seline. Seline ni mpishi huko Milimani, anatoka alfajiri na kurudi amechoka, kwa hivyo kazi za nasari Amolo anafanya na mimi nikishafunga meza yangu ya samaki hapa Kisian, na tumefanya vizuri, Mama: wimbo wa kunawa mikono anajua, siku za wiki anajua, hata A anaandika ingawa miguu yake ni mirefu kama ya korongo. Muhula huu wakaanza kuhesabu vifuniko vya soda. Nikamwambia, "Hapo sasa umefika kwa mwenyewe!" kwa sababu mimi nahesabu samaki tangu nikiwa na meno ya utoto na ufuo mzima hakuna anayenifikia.

Nikamkalisha kando ya meza, akawa anahesabu samaki wangu wa ngege nikiuza: moja, mbili, tatu, nne, tano, nyongeza. Sita, saba, nane, tisa, kumi, nyongeza. Si unajua mteja akinunua tano lazima nimtupie moja ya kumfurahisha, na hiyo haihesabiwi. Wiki moja tu, wateja wakawa wanasimama kumsikiliza!

Basi Mwalimu Waithira akampangia vifuniko kumi na viwili. Amolo akahesabu kwa sauti, nyongeza mara mbili, akasema, "Ni kumi, Mwalimu!" Darasa likacheka, daftari likaja nyumbani na alama nyekundu ya kukosa. Mimi nikaona nimetukanwa. Nikamwambia mtoto, "Mwalimu wako hajui kuhesabu. Mwambie nera wako alimshinda Mzungu wa meli kwa hesabu." Nera ndivyo anavyoniita mimi mjomba wake. Kumbe mtoto hubeba maneno yote! Kesho yake akasimama akayasema vivyo hivyo mbele ya wenzake. Mwalimu hakumchapa. Alimwuliza tu, "Na wale samaki wa nyongeza, Amolo, wanakwenda wapi?" Mtoto akalia.

Sasa ni wiki ya pili hahesabu chochote, yeye aliyekuwa akihesabu kuku, vikombe, hata meno yangu nikisinzia. Ukimwambia ahesabu anaficha mikono nyuma. Jana nikamsukuma kidogo, akaniuliza, "Nera, nani ananidanganya, wewe au Mwalimu?" Na Ijumaa ni siku ya kufunga shule, kila mtoto atahesabu mbele ya wazazi, Seline ameomba ruhusa kazini na gauni ameshanunua, na hajui lolote.

Nilifikiria kumhamisha nasari. Lakini acha nikuambie wewe peke yako, Mama: shule mimi niliiachia darasa la tatu. Hapa Kisian nikisimulia watu wanacheka tu, hata ile ya viboko tisa. Anayeniamini ni Amolo peke yake. Nikikubali kwamba nilikosea, si ataacha kuniamini kabisa?

Usichapishe jina langu, mimi najulikana mpaka Busia.

Mjomba, Kisian

*

Mjomba wa Kisian,

Pole, na pongezi pia. Wanaume wangapi hukaa chini na daftari la nasari? Wengine hawajui hata mtoto yuko darasa gani.

Sasa nikukaripie. Ulikosea hesabu, hilo ni dogo. Kubwa ni kumwambia mtoto kwamba mwalimu wake hajui kitu. Amolo hakuacha kuhesabu kwa sababu hawezi. Ameacha kwa sababu kila akihesabu lazima mmoja wenu awe mwongo, na anawapenda wote wawili. Mzigo huo umemtwika wewe, umtue wewe. Habari ya kuhama nasari achana nayo.

Leo akitoka shule, usimwambie ahesabu. Panga ngege sita mezani, hesabu wewe, ukifika kwa yule wa mwisho sema, "Amolo, huyu nilimwacha nje. Nilikosea. Nifundishe." Halafu nyamaza, umngoje. Samaki wa nyongeza ni zawadi, lakini alivuliwa, ana kichwa na mkia, naye ni wa sita. Mtoto ataliona hilo upesi kuliko wewe. Kesho mpeleke shule mwenyewe, umwombe Mwalimu Waithira msamaha Amolo akiwa amekushika mkono, asikie kila neno. Mzungu wa meli mwache nyumbani. Na Seline mwambie leo hii, asije akayasikia Ijumaa kwa wazazi wenzake.

Unaogopa hatakuamini tena? Mtoto amekuuliza wewe nani anamdanganya. Hakumwuliza jirani. Mjibu!

Ijumaa vaa shati safi, ukae mbele anapoweza kukuona.

Hadithi ya viboko usiiache, hata mimi nimeipenda. Ila mwanzo wa barua yako walikuwa saba, mwisho wakawa tisa. Labda hao wawili ni nyongeza. Amua mapema ni wangapi, Mjomba, kwa sababu kuanzia Ijumaa nyumbani kwako kuna mtu atakayekuwa anahesabu.

Mama Lornah