Siku Mama Alipoketi Mezani kwa Mfadhili

Cleveland, Ohio
12 Novemba 1967

Dada yangu mpenzi Bronia,

Pokea salamu zangu kutoka ng'ambo hii ya ziwa. Ziwa letu ni moja na lako, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia upepo wake. Vipi goti lako? Na Mama Mkuu mpya wa watawa wenu amekuruhusu kuweka jiko la joto darasani, au watoto bado wanaandika na glovu mikononi? Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, bado yuko kwangu. Ametolewa mtoto wa jicho katika jicho la kushoto, na sasa anaona mpaka vumbi lililo juu ya kabati langu, na halinyamazii.

Mara ya mwisho uliniandikia kwamba utaniombea mimi, ila kazi yangu hutaiombea. Sikukasirika. Nataka tu uyasikie yaliyotokea kutoka kwangu, kabla kaka Zygmunt hajakufikishia akiwa ameyatia chumvi.

Unajua nimekuwa nikichunguza jinsi yai linavyokomaa ndani ya kondoo jike. Na unajua nani aligharamia: Bwana Alden Thornquist, tajiri wa rangi za nyumba. Hadubini, kondoo, mshahara wangu, vyote vilitoka kwake. Siwezi kumsingizia ubaya. Nilipougua kichomi aliniletea maua mwenyewe. Ila alikuwa na usemi wake, kwamba duniani watu wamezidi sahani, na akisema watu alimaanisha maskini. Niliuchukulia kama hofu ya kitajiri. Kila tajiri ana yake. Mwingine huogopa wezi, yeye aliogopa watoto wa wenzake.

Mwaka huu tulifanikiwa kupata sindano inayozuia yai lisikomae kwa miezi kadhaa. Niliitengeneza kwa mikono yangu, Bronia, na nilifurahi. Niliwafikiria akina mama wa mtaa wetu kule Lackawanna tulikokulia, wale waliokuwa wakianika nepi mwaka mzima.

Mwezi wa tisa Bwana Thornquist alitualika chakula cha mchana cha Jumapili, mimi na mkuu wangu, Profesa Hallowell. Aliposikia Mama yupo, akasisitiza nije naye. Mama akavaa gauni la bluu na kuoka keki yake ya mbegu za mpopi. Nilimwambia wale watu wana mpishi. Akanijibu, "Mpishi ni wao, lakini mgeni ni mimi. Siendi mikono mitupu."

Tukiwa mezani Bwana Thornquist alieleza mpango wake. Sindano yetu ingepelekwa katika hospitali moja ya Karibiani wanakojifungulia wanawake maskini. Kila mzazi angechomwa kabla ya kurudi nyumbani, na kuambiwa ni dawa ya kuongeza damu. Alisema tukianza kumwuliza mmoja mmoja tutakesha. Profesa akaitikia kwa kichwa. Kilichobaki ni mimi, niliyeitengeneza, niweke sahihi kwamba dawa iko tayari, ilhali ilikuwa haijajaribiwa kwa kiumbe chochote isipokuwa kondoo. Nikaweka uma chini.

Mama alikuwa akila taratibu, nikadhani mazungumzo yamempita. Ndipo Bwana Thornquist akamgeukia kwa upole.

"Na wewe, Mama Sobczak, ulijaliwa watoto wangapi?"

"Kumi na mmoja. Tisa wako hai."

"Kumi na mmoja! Kwa mshahara wa kiwanda cha chuma?"

"Wa kiwanda, na wa kufua nguo za watu."

"Basi wewe ndiye utakayenielewa kuliko wote hapa. Laiti ungeipata dawa hii enzi zako!"

Mama akapangusa mdomo taratibu. "Ningeitaka sana, bwana. Nilipochoka kuzaa nilimwendea daktari wa kampuni, nikamlilia. Akacheka. Akasema nimwambie mume wangu alale jikoni."

Profesa akacheka, kisha akaona ni yeye peke yake anayecheka.

"Umesikia, Halina?" Bwana Thornquist akaniambia. "Ndiyo hayo ninayoyasema!"

"Ngoja, baba, sijamaliza," Mama akasema. "Yule daktari alijua kilicho chema kwangu bila kuniuliza. Na wewe unajua kilicho chema kwa hao wanawake bila kuwauliza. Yeye alininyima, wewe unawachoma kwa uongo. Mimi naona ni daktari yule yule, amebadilisha koti tu."

"Lakini mama, wale hawana elimu."

"Hata mimi sina. Je, na mimi ungenidanganya?"

Bwana Thornquist akaagiza kahawa. Keki ikakatwa, na nisiwe mchoyo wa ukweli, alikula vipande viwili.

Kesho yake Profesa aliniita akaniambia nisiwe mtoto, nitie sahihi. Nikatoka ofisini kwake nikapiga simu kwenye hospitali ile. Daktari mkuu ni mwanamke, Amparo Villafañe. Alikuwa ameambiwa kwamba dawa imeshajaribiwa kwa wanawake, na kwamba kila mzazi ataulizwa. Nilipomweleza ukweli akatamka neno ambalo siwezi kumwandikia mtawa. Akaapa kwamba mzigo ukifika, utarudi na meli ile ile.

Nikaenda kwa Bwana Thornquist mwenyewe. Nilimwambia kwamba sitatia sahihi, na kwamba nimeshapiga simu. Hakupaza sauti. Alisema anasikitika kuipoteza akili bora aliyowahi kuinunua. Nikamjibu kuwa aliikodi tu. Mwezi haukuisha, ufadhili ukakatwa, vyumba vyetu viwili vya maabara vikafungwa, na Profesa tukikutana ngazini anatazama viatu vyake. Huenda tajiri atampata mtaalamu mwingine, maana matajiri hawakosi watu. Ila katika hospitali ile hakufanikiwa, na kwingine hatafanikiwa kwa mkono wangu.

Usinionee huruma. Nimepata kazi katika chuo cha kilimo karibu na Columbus. Mshahara ni mdogo, kondoo ni wengi. Na dawa ile nitaendelea nayo, dada, sikufichi. Nitaitengeneza kwa ajili ya mwanamke anayeitaka kwa kinywa chake, akijua ni nini anachopewa. Ikiwa hilo litanikosesha sala zako, nitavumilia, ingawa nitazikumbuka.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Jumapili ile tukirudi nyumbani kwa gari nilimwuliza Mama: baada ya yule daktari kumcheka, ni mtoto gani aliyefuata?

"Wewe," akasema.

Alilia alipojua amenibeba. Alilia wiki nzima, katika chumba cha kufulia, ili Baba asimwone. Kisha akaniuliza kama nimekasirika. Bronia, niliitafuta hasira moyoni kama mtu anavyotafuta funguo mkobani, sikuipata. Nilichokiona ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, amechoka, ana beseni mbele yake, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwuliza anataka nini.

Nikamwambia, "Yule daktari alipaswa kukupa dawa, Mama."

"Angenipa, ningeimeza," akasema, "na nisingejua nimekosa nini. Hakunipa, nikakupata, nikajua. Yote mawili ni kweli, Halina, na hayagombani." Halafu akaniambia nimeipita njia ya kwetu.

Tangu siku hiyo nalala vizuri. Mama anaimba akipika, anaimba vibaya, na nyumba inanoga.

Tutakuja Krismasi sote wawili, Mama Mkuu akikuruhusu kupokea wageni. Nisalimie masista wote, hasa yule wa jikoni. Mama anakubusu mashavu yote mawili na anakuhimiza ulifunge goti kwa sufu.

Nilimwuliza na habari zako. Anasema wewe ulitakwa tangu siku ya kwanza, tena sana. Usijivune.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Halina