Walidhani Nakimbilia Msibani

Githongo,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, miwani iko machoni na ng'ombe ameshakamuliwa, maana ukianza kuisoma hutaiweka chini. Goti linaendeleaje? Mvua imefika huko Karurumo, au bado mnatazama mawingu? Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, na miguu ndiyo habari yenyewe. Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yaanze kugoma, mimi nauliza ya kanisa nawe wanijibu ya mbuzi.

Uliniuliza kama nimepeleka ile fomu ya kuomba uhamisho, nirudi kufundisha Embu. Ukaniuliza tena: siku jambo likinipata huku ugenini, nani atanishika mkono? Mama, swali hilo liliniuma. Miaka sita sasa huku naitwa "mwalimu wa Embu", na jibu sikuwa nalo. Fomu niliijaza yote, ikabaki kutia sahihi tu.

Sasa sikia ya jana. Unajua niliandikishwa nusu marathoni ya Meru mjini, kilomita ishirini na moja. Sikujitolea! Mkuu wa shule aliuliza mkutanoni ni mwalimu gani atakayekimbia na wanafunzi, nami nilikuwa nimetoka kuangalia chai. Niliporudi, jina langu lilikuwa ubaoni na wenzangu wote wanatazama viatu vyao. Tangu siku hiyo wananiambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jana ndilo lilikuwa zoezi refu la mwisho, kilomita kumi na nane, na nililiogopa wiki nzima.

Nilianza vizuri. Taabu ni kwamba barabara yetu inashuka mpaka mtoni, kisha inapanda kama imekasirika. Huko juu kuna kiwanda cha kahawa, na Jumamosi wamama huwa wamepanga foleni na magunia yao. Nilitokea hapo leso imefungwa juu ya suruali, jasho linanitiririka machoni. Mmoja akaniita, "Mwalimu, kwani kuna nini?" Pumzi ya kujibu sikuwa nayo. Nilinyoosha tu mkono mbele, nikapita.

Wewe ni mtu wa milimani, Mama, unajua. Kwetu mtu mzima hakimbii bure. Mwalimu wa miaka arobaini akikimbia asubuhi na macho mekundu, huo ni msiba.

Mbele kidogo Mwenda wa bodaboda alisimama kando yangu. "Mwalimu, panda nikufikishe. Leo ni ya bure, pole sana."

Nilikuwa kilomita ya kumi na nne, mapaja yanawaka moto, na nakiri kwamba nilishika kiti cha ile pikipiki. Halafu nikawakumbuka wale wa kutazama viatu. Nikamwambia nitafika kwa miguu yangu. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akatangulia. Njia nzima watu walisimama kando wakinipa pole. Nikajisemea, kumbe watu wa huku wanajua kukimbia ni kazi!

Niliingia uani kilomita kumi na nane zimetimia, sijatembea hata hatua moja, furaha imenijaa mpaka natamani kujipigia vigelegele. Nikakuta viti. Viti vimepangwa, Mama, sufuria kubwa ya chai iko motoni, na wamama wa kanisa zaidi ya kumi wameketi kimya. Mama Makena, mwenye nyumba wangu, ambaye hatujasalimiana vizuri tangu tugombanie kamba ya kuanika nguo, alinikumbatia na jasho langu lote. Alikuwa analia. "Mwalimu, mama amepumzika. Hatuwezi kukuacha uende peke yako."

Habari ilitoka kiwandani ikanitangulia nyumbani, na walidhani ni wewe, Mungu apishe mbali. Walikuwa wameshachagua watatu wa kunisindikiza hadi Karurumo, na wawili walikuwa wamefunga mizigo.

Niliwaambia lilikuwa zoezi tu la mbio. Bibi mmoja mzee akauliza, "Kwa hivyo hakuna mtu amekufa?"

"Hakuna, cucu."

"Na hakuna mtu alikuwa anakufukuza?"

"Hakuna."

Akamgeukia Mama Makena. "Huyu mpatie chai haraka, hayuko sawa."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mukimo ya viazi waliyoleta ya kunifariji tuliimaliza yote, na mimi ndiye niliyekula zaidi. Wameamua watakuja mjini siku ya mbio na mitungi ya uji, na yule cucu atasimama pale mwisho ajionee kama kweli sifukuzwi. Nitakimbia, Mama! Mimi uliyekuwa ukinituma maji nikirudi jua limezama! Hamu imenishika hata kulala siwezi. Nawe uje, Njeru akulete. Nimewaambia u hai, sasa wanataka kukuona.

Nisalimie huyo kaka yangu Njeru na mkewe, shangazi wa ndizi pale sokoni, na mwalimu wangu wa zamani wa darasa la nne, yule aliyesema mimi ni mvivu wa miguu. Mwambie kilomita kumi na nane.

Usishangae kuona maandishi ya chapa nyuma ya ukurasa huu. Ni ile fomu. Karatasi ziliniishia, na hiyo sina tena kazi nayo.

Ni mimi binti yako, mgonjwa wa miguu tu,
Wawira